Jina la Kukodi na Jasho la Kijana: Tafakari juu ya Biashara ya Piza



Dominika moja, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja wa parokia yetu alinisubiri nje ya kanisa akiwa na bahasha mkononi. Ni mwalimu mstaafu, mtu aliyefundisha watoto wetu kusoma na kuhesabu kwa zaidi ya miaka thelathini. Ndani ya bahasha mlikuwa na kitabu kilichochapwa kwa rangi za kupendeza, chenye picha za vijana wenye kofia nyekundu wakitabasamu mbele ya tanuri la piza. Kitabu kilimwalika awekeze fedha zake katika mgahawa wenye jina linalojulikana duniani. Alikuwa amekwisha kupokea kiinua mgongo chake, na benki ilikuwa tayari kumwongezea mkopo kwa dhamana ya nyumba yake. Watoto wake walimhimiza atie sahihi kabla ya mwezi kwisha. Akaniuliza, “Mwenyekiti, ninyi wa Haki na Amani mnasemaje? Hii ni riziki au ni mtego?”

Sikumjibu siku ile. Swali lake lilistahili kutafakariwa, na makala hii ndiyo jibu langu. Naliandika kwa faida ya wote, kwa kuwa si yeye peke yake anayeulizwa kutia sahihi. Vikundi vya akina mama, vyama vya akiba na mikopo, na wastaafu wengi wa parokia zetu wanafikiwa na mialiko ya namna hiyo. Nitafuata njia tuliyoizoea katika jumuiya zetu: tuone, tupime, kisha tutende.

TUONE: BIASHARA HII NI YA NAMNA GANI?

Wafanyabiashara huiita franchaizi. Kwa lugha nyepesi ni biashara ya jina la kukodi. Kampuni moja inamiliki jina, alama, mapishi na taratibu za kazi. Mtu mwingine, kwa fedha zake mwenyewe, anajenga mgahawa, ananunua matanuri, anaajiri wafanyakazi na kuuza chakula kwa jina hilo. Wa kwanza tumwite mwenye jina. Wa pili tumwite mpangaji, maana kwa kweli amepanga ndani ya jina la mwenzake.

Mpangaji hulipa ada ya kujiunga mwanzoni. Baada ya hapo hulipa mrabaha, yaani sehemu fulani ya mauzo, na mara nyingi mchango wa mfuko wa matangazo. Huko Marekani, ambako biashara hii ilikulia, mrabaha wa majina makubwa ya piza ni kati ya asilimia 5 na 6 ya mauzo. Naomba msomaji alishike neno hili moja: mauzo. Mwenye jina hachukui sehemu ya faida. Huchukua sehemu ya kila shilingi inayoingia, iwe mpangaji amepata faida au amepata hasara.

Historia ya biashara hii ina mambo ya kusifiwa, nasi tusiyafiche. Mwaka 1958, katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, ndugu wawili, Dan na Frank Carney, walikopa dola 600 kutoka kwa mama yao wakaanzisha Pizza Hut. Mwaka 1960, huko Ypsilanti, jimbo la Michigan, Tom Monaghan na ndugu yake James walinunua duka dogo la piza. Baada ya muda mfupi James alimwachia ndugu yake sehemu yake yote, akapokea gari la Volkswagen. Tom, Mkatoliki ambaye sehemu ya utoto wake aliishi katika kituo cha yatima kilichoendeshwa na watawa, alilikuza duka lile likawa Domino's. Mwaka 1998 aliiuza kampuni yake kwa takriban dola bilioni moja. Hawa hawakuanza wakiwa matajiri. Walianza na unga, jibini, tanuri na bidii.

Lakini tuone pia yaliyompata mpangaji. Kampuni ya NPC International ilikuwa mpangaji mkubwa kuliko wote wa Pizza Hut nchini Marekani, ikiendesha migahawa zaidi ya 1,200 ya jina hilo. Julai 2020, ikiwa imelemewa na madeni na ugonjwa wa korona umeizidishia mzigo, iliomba mahakama ulinzi wa mufilisi. Migahawa ipatayo mia tatu ilipangiwa kufungwa. Jina halikufilisika; aliyefilisika ni mpangaji. Ikiwa mpangaji mwenye migahawa 1,200 aliweza kuanguka, mstaafu mwenye mgahawa mmoja na nyumba moja aliyoiweka rehani ana sababu ya kwenda polepole.

Tumwone na kijana anayepeleka piza. Kwa miaka mingi Domino's ilitangaza kwamba piza itamfikia mteja katika dakika 30. Mteja alifurahi, lakini dereva alikuwa barabarani akishindana na saa. Mwaka 1993 baraza la mahakama mjini St. Louis liliamuru mwanamke aliyejeruhiwa na gari la mpelekaji piza alipwe fidia ya makumi ya mamilioni ya dola, na mwaka huohuo ahadi ile ya dakika 30 ikaondolewa. Sisi tunaowazika vijana wa bodaboda karibu kila mwezi hatuhitaji kuelezwa zaidi maana ya haraka barabarani.

Mwisho, tumwone mkulima. Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vilivyoagizwa kutoka ng'ambo vilichelewa kufika. Yote hayo yalitokea katika nchi ambayo wakulima wake, kama wale wa Nyandarua, wanalima viazi kwa wingi. Wananchi walikasirika, na kampuni ikaeleza kwamba kila muuzaji lazima kwanza athibitishwe kwa viwango vyake vya ubora. Kile si kisa cha piza, lakini mkataba ni wa ukoo uleule: mpangaji hana uhuru wa kununua anapotaka. Mwenye piza naye huambiwa jibini itoke wapi, unga utoke wapi, na hata boksi litoke wapi. Jibini ikilipiwa kwa dola na shilingi ikashuka thamani, mzigo ni wa mpangaji.

TUPIME: HESABU NA DHAMIRI

Bwana wetu alifundisha kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akapima gharama, asije akaanza asiweze kumaliza, watu wakamcheka. Basi na tuketi. Tarakimu nitakazotoa ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme mgahawa unauza shilingi 20,000,000 kwa mwezi, baada ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani. Kama piza moja inaleta shilingi 20,000, hizo ni piza 1,000 kwa mwezi, au 33 hivi kila siku. Mrabaha wa asilimia 6 na matangazo asilimia 4 ni shilingi 2,000,000. Unga, jibini, nyama na maboksi, tuseme asilimia 36, ni shilingi 7,200,000. Pango ni 2,500,000. Umeme, gesi na maji ni 1,200,000. Wafanyakazi 12, kila mmoja kwa shilingi 300,000, pamoja na mchango wa mwajiri wa asilimia 10 katika NSSF, ni 3,960,000. Mafuta ya pikipiki, matengenezo, leseni na mengineyo ni 1,300,000. Jumla ya matumizi ni shilingi 18,160,000. Zinabaki 1,840,000. Lakini benki inadai rejesho la shilingi 2,000,000 kila mwezi. Mzee wetu ana upungufu wa shilingi 160,000, na bado hajala.

Hapa ndipo kishawishi kinapoingia. Pango hawezi kulipunguza. Mrabaha umeandikwa kwenye mkataba. Jibini ina muuzaji mmoja aliyeidhinishwa. Umeme haungoji. Linabaki jambo moja tu lililo chini ya mkono wake, nalo ni mshahara wa kijana. Akiwalipa vijana shilingi 200,000 badala ya 300,000, anaokoa shilingi 1,320,000 kwa mwezi, upungufu unatoweka, na faida ya shilingi 1,160,000 inaonekana. Vitabu vyake vitakuwa safi. Mkaguzi atasema biashara inakwenda vizuri. Lakini tuulize: faida hiyo imetoka wapi? Haikutoka katika piza, wala katika jina maarufu. Yote imetoka mifukoni mwa wakandaji unga na waendesha pikipiki.

Mtakatifu Yakobo anatuonya kwamba ujira wa watenda kazi uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Hakusema kwamba hulia pale tu mwajiri anapokuwa tajiri. Hulia hata pale mwajiri naye anapokuwa mdogo, anayebanwa na mkubwa wake.

Wengine watasema, “Mpangaji alitia sahihi kwa hiari yake, na kijana aliukubali mshahara kwa hiari yake. Dhuluma iko wapi?” Kanisa limejibu hoja hii kwa muda mrefu. Mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, Papa Leo XIII alifundisha kwamba mapatano ya hiari peke yake hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida, huyo ameonewa. Mwaka 1967, katika Populorum Progressio, Papa Paulo VI aliyapanua mafundisho hayo: pale pande mbili zinapotofautiana mno kwa nguvu, kukubaliana kwao si uthibitisho wa kutosha kwamba mkataba ni wa haki. Aliandika juu ya biashara kati ya mataifa, nami naona maneno yake yanaugusa sawasawa mkataba kati ya kampuni kubwa ya ng'ambo na mwalimu mstaafu.

Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alitupa neno lingine la kutufaa. Alieleza kwamba mbali na mwajiri anayemlipa mfanyakazi yuko pia mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani watu na vyombo ambavyo taratibu na maamuzi yao yanaathiri hali ya kazi. Kwa maoni yangu mwenye jina ni mwajiri wa namna hiyo. Yeye anaamua sare ya kijana, jinsi ya kuukata unga, na muda wa kuifikisha piza. Haiwezekani aamue yote hayo, kisha swali la mshahara likitokea aseme, “Huyo simjui, muulizeni mpangaji.” Anayevuna kwa kila piza inayouzwa hana budi kuwajibika kwa mikono iliyoikanda.

Hata hivyo tusipime kwa upande mmoja. Jina la kukodi lina mema yake. Mpangaji hupewa mafunzo, hufundishwa usafi wa jikoni na utunzaji wa hesabu, na hupokea mapishi yaliyokwisha kujaribiwa. Vijana wetu hupata kazi ya kwanza na nidhamu ya saa. Kanisa halikatazi faida. Katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, Papa huyohuyo alikiri kwamba faida ni alama halali ya biashara iendayo vizuri. Akaongeza kuwa si alama pekee, kwa maana hesabu zaweza kuwa sawa huku watu wakidhalilishwa.

Tena hesabu yetu yenyewe inaonyesha kwamba haki inawezekana. Mgahawa uleule ukiuza shilingi 25,000,000 kwa mwezi, yaani piza 42 hivi kila siku, unaweza kulipa mrabaha, kulipa vijana shilingi 300,000 kila mmoja, kurejesha mkopo, na kumbakizia mwenye mtaji shilingi 2,540,000. Lakini ukishuka hadi 15,000,000, mwenye jina bado anapokea shilingi 1,500,000, hali mpangaji ana upungufu wa shilingi 2,860,000 baada ya rejesho la benki. Basi swali la mzee wetu halijibiwi na picha za kitabuni. Linajibiwa na mtaa wenyewe: je, mahali hapo pana watu watakaonunua piza 42 kila siku, Kwaresima na Pasaka, masika na kiangazi, kwa bei hiyo?

Msimamo wangu ni huu: biashara isiyoweza kusimama bila kupunja mshahara wa haki si nafasi ya uwekezaji. Ni deni ambalo mwekezaji amepanga lilipwe na maskini. Mkristo asiingie humo, hata kama jina linang'aa.

TUTENDE: KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kwanza, hesabu ianze na mshahara. Wengi huanza na mrabaha na pango, na kinachobaki ndicho hugawiwa wafanyakazi. Mwamini aanze kwa kuandika ujira ambao kijana anaweza kuishi nao, michango yake ya hifadhi ya jamii, na bima ya mwendesha pikipiki. Kisha aone kama biashara inasimama. Isiposimama, ameokoa kiinua mgongo chake na roho yake pamoja.

Pili, mkataba usomwe wote, na usomwe na mwanasheria asiyelipwa na muuzaji. Nchini Marekani, kanuni ya tume ya biashara ya serikali kuu iliyotolewa mwaka 1978 inamlazimu mwenye jina kumpa mnunuzi maelezo kamili ya biashara, na leo muda uliowekwa ni angalau siku 14 kabla ya kutia sahihi au kulipa chochote. Afrika Kusini, kwa sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008, mpangaji anaweza kuuvunja mkataba katika siku 10 za kazi baada ya kutia sahihi, bila adhabu. Kwetu Tanzania mikataba ya namna hii huangaliwa zaidi kwa sheria ya jumla ya mikataba, inayochukulia kwamba mtu mzima akitia sahihi alijua alichotia. Kwa hiyo ulinzi ambao wenzetu wamepewa na sheria, sisi tuudai kwa midomo yetu. Mwenye jina akikataa kukupa siku 14 za kusoma, amekwisha kukuonyesha mtakavyoishi.

Tatu, yaulizwe maswali haya na majibu yaandikwe. Mkataba ni wa miaka mingapi, na nani ana haki ya kuuvunja? Je, mgahawa mwingine wa jina hilohilo waweza kufunguliwa mtaa wa pili? Bei ya jibini inapangwa na nani, na kwa fedha gani? Je, unga, nyanya na vitunguu vya wakulima wetu vinaweza kuidhinishwa? Wapangaji waliokwisha kuondoka wako wapi, nao wanasemaje? Mkataba ukiisha, je, ninaruhusiwa kuendelea kupika piza mahali palepale kwa jina langu mwenyewe? Na biashara ikianguka, wanachukua matanuri tu, au wanachukua na nyumba yangu?

Nne, akiba ya wajane na vikundi isiwekwe yote katika chungu kimoja. Viongozi wa vyama vya akiba na mikopo hawana haki ya kucheza na fedha za wanachama kwa sababu ya sifa za jina la mbali. Wanachama waelezwe hesabu kwa Kiswahili, katika mkutano, na wapige kura wakijua.

Tano, tukumbuke kwamba jina laweza pia kujengwa nyumbani. Pale Forodhani, Zanzibar, wapishi wanauza kile wanachokiita piza ya Zanzibari: unga uliotandazwa mwembamba, ukajazwa nyama, yai na vitunguu, ukakunjwa na kukaangwa juu ya bamba la chuma. Wageni hutoka mbali kuja kuionja. Wapishi wale hawalipi mrabaha kwa mtu. Sisemi kila mstaafu akanunue bamba la chuma. Nasema tu kwamba hata ndugu wale wa Wichita walianza na jina ambalo hakuna aliyelijua. Kikundi cha akina mama chenye tanuri moja la mikate, usafi, na hesabu zilizoandikwa kila jioni kina jina tayari, ingawa halijachapwa kwenye boksi.

Nilipokutana tena na mzee wetu nilimpa maswali yale saba. Akayapeleka. Alirudi baada ya wiki mbili akasema amejibiwa matatu. Manne aliambiwa atayajua baada ya kutia sahihi. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka kicheko cha mwalimu. “Mimi,” alisema, “sikuwahi kumpa mwanafunzi alama kabla ya kuiona kazi yake.” Bahasha bado anayo, na sahihi bado ni yake.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, ni biashara zipi zinazosimama kwa sababu tu wafanyakazi wake wanalipwa kidogo? Je, sisi ni wateja wake?

2. Wale wanaoajiri miongoni mwetu, hata msaidizi mmoja wa nyumbani, je, hesabu zetu huanza na mshahara au huishia nao?

3. Kijana wa pikipiki anapochelewa kutuletea chakula, tunampokeaje?

4. Jumuiya yetu inaweza kumsaidiaje mstaafu au kikundi kinachoalikwa kutia sahihi mkataba kisiouelewa?